Mwanao hesabu anazijua, ana haraka tu

Muheza, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mwanao hajambo, anakula na anasaidia kazi. Uliniuliza habari ya hesabu zake za uwiano. Nimekaa naye jioni nne sasa, na ninavyomwona, kukokotoa anajua. Kinachomponza ni haraka.

Siku ya kwanza nilimpa swali la mafundi. Mafundi 6 wanajenga ukuta kwa siku 10. Mafundi 4 watatumia siku ngapi? Sijamaliza hata kusoma, kalamu imeshachora msalaba, akazidisha, akagawa, akapata siku 6 na ushei. Nikamwuliza, "Wewe ukipunguza mafundi, nyumba yako inaisha mapema?" Akacheka, akafunika daftari kwa kiganja. Tukaanza upya: 6 mara 10 ni 60, yaani fundi mmoja peke yake angehenya siku 60. Gawa kwa 4, siku 15.

Tangu hapo nimemwekea sharti. Hagusi kalamu mpaka aniambie jibu litapanda au litashuka. Vitu viwili vikipanda pamoja, kimoja mara mbili na kingine mara mbili, kama kilo za sukari na bei yake, ukigawanya kimoja kwa kingine unapata namba ileile siku zote. Kimoja kikipanda mara mbili na kingine kikashuka kuwa nusu, basi namba isiyobadilika utaipata kwa kuzidisha. Akishaijua hiyo namba, swali limekwisha.

Alipozoea nikamtega. Kanga 3 zimeanikwa, zimekauka kwa saa 2. Kanga 6 je? "Saa 4, mama mdogo!" Nikanyamaza. Akatazama nje kwenye kamba, nguo zangu zinapepea, akajipiga paji la uso. Saa 2 zilezile, mradi kamba inatosha. Huu mtego naupenda sana, maana watoto wetu wakiona namba tatu kwenye swali wanadhani ya nne lazima itoke kwa uwiano.

Kosa lake jingine liko kwenye kugawana. Shilingi 64,000 wagawane wawili kwa uwiano wa 3 kwa 5. Yeye akachukua tatu ya tano ya fedha yote, akampa wa kwanza 38,400, mwenye fungu dogo kapata nyingi! Nikamwaga punje za maharage mezani, 3 huku na 5 kule, nikamwambia ahesabu zote. Mafungu 8, kila fungu 8,000. Mmoja 24,000, mwingine 40,000. Hili hatalisahau.

Hesabu za kidato cha tatu ndizo zilikuwa zinamtisha, kwa kuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Nikamwambia ni uwiano uleule wa shule ya msingi, umebadilisha kanzu. Palipomgomea ni pale kitu kinapofuata mraba wa kingine, yaani kingine hicho ukikizidisha kwa chenyewe. Tukahamia jikoni. Chapati ya upana wa sentimita 12 inatumia donge moja. Ya sentimita 24, unene uleule, madonge mangapi? Akasema mawili. Haya, sukuma. Akasukuma, akavuta, ikawa nyembamba unaona kibao kwa chini, na kabla haijafika kikaangoni ikachanika katikati. Akaongeza donge la tatu, bado. La nne likakaa sawasawa. Upana umeongezeka mara 2, lakini unaongezeka pande zote, kwa hiyo unga mara 4. Akaikimbilia kalamu mwenyewe, mikono imejaa unga, na daftari hilo utaliona lina alama za vidole.

Kesho tunaanza maswali yale yenye mafundi, siku na mita za ukuta kwa pamoja. Hayo yanataka kwanza ujue mita moja inakula siku ngapi za fundi mmoja, ndipo uendelee. Nadhani ataweza.

Ukija kumchukua, njoo na unga wa ngano kilo 2. Wangu ameumaliza kwa hesabu.

Wako,
Mama mdogo wa mwanao