Barua kwa Mwanangu Anayeshika Besi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Unataka kuishi kwa besi, lile kubwa la kusimama, tena uwe mtu wa kuitwa popote: leo jazi, kesho taarabu, keshokutwa studio. Basi mchunguze Ron Carter, mpiga besi wa jazi wa Marekani. Wengi hukimbilia kukusanya mitindo. Yeye alishika mambo machache akayanyoosha kabisa, na mitindo ikamfuata.

Alizaliwa Ferndale, Michigan, mwaka 1937. Alianza na selo, ala ya upinde iliyo ndogo kuliko besi, akiwa na miaka 10, akahamia besi alipokuwa sekondari Detroit. Alimaliza shahada katika chuo cha muziki cha Eastman mwaka 1959, kisha ya uzamili Manhattan School of Music mwaka 1961. Alilenga okestra. Mwenyewe amesimulia kwamba kondakta Leopold Stokowski aliukubali upigaji wake, lakini akamwambia okestra ya Houston haikuwa tayari kupokea mpiga besi mweusi. Inaniuma kila nikiikumbuka habari hiyo. Hata hivyo ule upinde aliousomea hakuutupa, na sauti yake iliyonyooka katika jazi imetoka huko.

Nawe usiuache upinde. Kwa kidole noti hufifia upesi na kosa hujificha. Upinde huirefusha hadi kosa lisikike. Besi halina vigawanyo vya gitaa, na uzi wake una kama sentimita 105 kutoka kichwani hadi kwenye daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Karibu na kichwa, nusu toni moja tu ni sentimita 5 hadi 6. Ndiyo sababu huko chini tunatumia kidole cha kwanza, cha pili na cha nne, cha tatu kikimsaidia mwenzake. Ukilazimisha vyote vinne, mkono unakaza na noti zote zinapwaya. Weka mlio wa noti ya D usiokatika kwenye simu, upige skeli ya D kwa upinde, mapigo 4 kila noti, mwendo wa mapigo 60 kwa dakika. Ukisikia sauti mbili zinatikisana, sogeza kidole taratibu mpaka mtikiso uishe. Kisha inua mkono wote uirudie noti hiyo bila kuitafuta.

Kabla ya hapo linganisha nyuzi. Gusa uzi wa E bila kuukandamiza kwenye robo ya urefu wake kutoka kichwani, na wa A kwenye theluthi. Zitoe sauti ileile. Fanya hivyo kwa A na D, halafu D na G.

Mkono wa kulia, vuta kwa ubavu wa kidole cha shahada, karibu na mwisho wa ubao wa vidole, uzito ukitoka begani. Malengelenge huja kwa anayevuta kwa ncha na kwa nguvu. Mara nyingi anapambana na nyuzi zilizoinuliwa mno. Mpelekee fundi besi lako ashushe daraja.

Sasa kutembea kwa besi, noti 4 kwa kipimo. Katika bluzi (muziki wa blues) ya F, unapoelekea B flati, piga F, A, C, kisha B ya kawaida ikushushe nusu toni hadi B flati. Noti ya nne ndiyo inayomwambia mpiga piano mnakokwenda. Anayepiga mzizi wa kodi, yaani noti ya msingi ya noti zinazopigwa pamoja, kila pigo la kwanza bila kuandaa njia husikika kama anaruka mashimo. Na ukipanda juu usikimbie. Kaa na upatu wa mpiga ngoma.

Msikilize Carter katika kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis, 1963 hadi 1968, akiwa na Herbie Hancock kwenye piano na Tony Williams kwenye ngoma. Huweka chini ya kodi noti usiyoitegemea, kodi nzima inageuka rangi, na Hancock anajibu. Hayo huwezi kuyafanya kama noti yenyewe haijakaa sawa, kwa sababu itaonekana ni kosa. Ndiyo maana studio zilimwita bila kuchoka: mwaka 2015 Guinness walimhesabia rekodi 2,221. Kapiga Bach, na mwaka 1991 kapiga na kundi la rapu la A Tribe Called Quest. Studio hazikupi muda wa kujifunza karatasi ya noti; kila siku soma ukurasa mmoja ambao hujawahi kuuona.

Chombo nacho kitunze. Ukibadilisha nyuzi, toa mmoja, funga mpya, ndipo ufuate mwingine. Ukizitoa zote pamoja, kijiti kinachosimama ndani ya tumbo hakina kinachokibana. Kitaanguka, na daraja litalala. Ukilitoa besi pwani ukalipeleka kwenye baridi kavu ya Ulaya, mbao husinyaa na gundi ya ubavuni huachia. Usishtuke: gundi imefanywa iachie kabla ubao haujapasuka. Usijaribu gundi ya dukani.

Utunzi uanze kwa besi. Katika “Eighty-One”, kipande kilichoandikishwa kwa jina la Carter pamoja na Davis na kurekodiwa mwaka 1965, umbo ni bluzi ya vipimo 12, ila mdundo unahama kati ya ulionyooka na wa swingi, ule unaobembea. Umbo dogo, uwanja mpana. Andika bluzi yako ya vipimo 12, besi kwanza, wimbo juu yake baadaye, kisha uipige besi pekee. Kama mabadiliko ya kodi hayasikiki hapo, rekebisha besi kabla ya kuongeza chochote. Nitumie karatasi ukiimaliza, nami nitaipitia noti kwa noti.

Ni mimi,
Baba yako