Kwa wanangu mnaouza kuni majumbani Mafinga

Kamwene wanangu,

Nawaandikia kina mama na vijana mnaouza kuni uani kwenu, kuanzia Kinyanambo hadi Changarawe. Naandika sasa, jua likiwa bado kali, kwa sababu nililo nalo halitamfaa mtu mvua za Novemba zikishaanza. Ni hili: uzeni kuni kavu. Mengine nitakayosema yanatoka humo.

Nimepita mitaani nikaona mabanzi yaliyoshushwa kutoka mashine za mbao asubuhi, jioni yameshafungwa matita na kuuzwa. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mama lishe akinunua kilo 10 za kuni hizo, amejitwisha kilo 4 au 5 za maji, na moto wake lazima uyachemshe hayo kwanza kabla haujayagusa maharage. Kuni zilizokauka sawasawa hubakiwa na maji chini ya kilo 2 katika uzito uleule. Huyo mama hana mizani wala hazijui hesabu hizi, lakini anajua kwamba tita lako liliisha kabla ugali haujaiva na kwamba macho yalimwasha tangu alfajiri. Kesho atapita mlangoni kwako bila kusimama, na hatakwambia kwa nini.

Sisi tuna bahati ya mahali. Shamba la miti la Sao Hill, lenye hekta zaidi ya 130,000, liko mlangoni kwetu, na mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia mbao, zinatema mabanzi karibu mwaka mzima. Wauza kuni wa wilaya nyingine wanahangaika kutafuta mti. Sisi kazi yetu ni kuukausha. Kwa hiyo nunueni kuanzia Juni hadi Septemba, wakati barabara za shambani zinapitika na upepo ni mkavu, muuze nyingi kuanzia Desemba, kila mtu anapokuwa na kuni mbichi. Najua hili linauma, maana ni kufungia pesa uani miezi mitatu minne huku ada ya shule inadaiwa. Asiyeweza kuhifadhi mzigo wote ahifadhi robo. Robo hiyo ndiyo itakayowafanya wateja wa masika wawe wako.

Namna ya kukausha nitaieleza kwa urefu, maana hapa ndipo wengi mnapopoteza. Chanjeni kwanza, msipange magogo mazima. Maji hutoka kwa urahisi kwenye kichwa cha ukuni na upande uliopasuliwa, gome huyazuia. Milingoti, yaani mikaratusi, hasa ichanjwe ikiwa mbichi, maana ikikauka nyuzi zake hujisokota na shoka linadunda. Kisha tengenezeni kichanja: miti miwili mirefu juu ya mawe, kuni zisiguse udongo, maana zikigusa mchwa watakula faida yenu usiku. Juu wekeni bati, au turubai lililoinamishwa, ila ubavuni pabaki wazi. Nimeona wengine wanaufunika mrundo kwa turubai mpaka chini kama maiti, wakidhani wanazikinga na mvua. Mvuke unabaki humo humo na baada ya wiki chache ukungu umeota. Upepo ndio unaokausha, jua linasaidia tu.

Msipange ukutani mwa nyumba. Nyoka hupenda kujificha hapo, mchwa hupandia hapo, na cheche moja ya jiko ikiruka mtalala nje. Wala mrundo usipite kifua cha mtu mzima, watoto wanacheza uani. Andikeni mwezi kwa chaki kwenye kichwa cha ukuni mmoja wa kila safu, ili za zamani zitoke kwanza. Ukuni uliokauka mtautambua: kichwani una nyufa, ni mwepesi mkononi, na ukigonganisha miwili inalia kwa sauti kali, haifanyi "dub".

Tena msichanganye aina za miti na kuziuza zote kwa jina la kuni. Miwati ikikauka ina moto wa kukaa, na mpika pombe ya komoni anayechemsha pipa tangu usiku ataitafuta hata mtaa wa tatu. Mlingoti nao unakaa. Paina huwaka haraka na una utomvu unaopaka sufuria masizi. Ni mzuri wa kuwashia, na anayekaanga vitumbua kwa muda mfupi utamtosha. Mwambieni mteja ukweli huo kabla hajauliza. Mimi huweka vibanzi vichache vya paina katika kila tita la miwati, na sijui jambo dogo lililoniletea wateja kuliko hilo.

Liko jambo moja ambalo sitalisema kwa upole. Mji wetu una viwanda vya nguzo za umeme, na vipande vya nguzo zilizokwisha kutiwa dawa huzagaa na kuuzwa rahisi. Vile vyenye rangi ya kijani vina dawa yenye arseniki. Vile vyeusi vinavyonuka vimetiwa kreosoti. Moshi wake ni sumu, na majivu ya vile vya kijani ni sumu pia, hata ukiyamwaga kwenye mboga bustanini. Vimekauka, ni kweli, na vinashika moto vizuri, na ndiyo maana vinashawishi. Msivinunue, msivichome, msimpe hata jirani bure. Mabaki ya plaiwudi yenye gundi nayo yasifike kwenye jiko la mtu anayechoma mahindi au nyama.

Kuhusu hesabu. Tuseme guta la mabanzi limekufikia nyumbani kwa shilingi 45,000. Kijana wa kuchanja umempa 8,000, kamba 2,000. Umepata matita 60 ya shilingi 1,000. Wengi mtasema faida ni 15,000, kwa sababu mnakumbuka bei ya mzigo peke yake. Faida ni 5,000, na kama matita matano yamekopwa hayajalipwa, huna kitu. Andikeni kwenye daftari kila siku, hata mkiwa mmechoka. Mauzo yasiyofika shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato, na daftari ndilo litakalowasemea mkiulizwa. Daftari hilohilo mtalihitaji kikundi kikiomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Risiti za mashine mlikonunua zitunzeni pia, na mzigo ukitoka mbali ulizeni hati ya kusafirishia kabla gari halijawashwa. Maofisa wa TFS, wakala wa serikali wa misitu, wakikuta kuni zisizo na karatasi, wa kujieleza ni mwenye mzigo.

Tita lisipunguzwe. Bei ikipanda, pandisheni bei na mseme, lakini unene wa tita ubaki uleule. Pimeni kwa kamba iliyokatwa urefu mmoja. Na kwenye msiba msipandishe kitu. Pelekeni mzigo kwa bei ya kawaida, na kama mfiwa ni wa mtaani, matita mawili yawe rambirambi yenu.

Sasa niseme la mbele. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeshaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Aliyekuwa akitegemea shule au bweni ameshaona. Mimi sioni ubaya wa agizo hilo, nimewauguza wanawake wengi wa rika langu wenye vifua vya moshi. Nasema tu msikope mkopo wa miaka mingi kwa ajili ya kuni. Kopeni wa msimu, mlipe msimu. Na faida ya kwanza itakayozidi, nunueni mtungi mdogo wa gesi kwa chai ya asubuhi ya watoto wenu wenyewe. Si aibu muuza kuni kupikia gesi.

Watoto wachanje na kupanga Jumamosi, si siku ya shule. Anayeshika shoka avae viatu vilivyofungwa, kandambili hapana.

Mwenye kutaka kuona kichanja kinavyopangwa aje kwangu Jumamosi yoyote kabla ya mwisho wa Septemba, aje na panga na miti miwili ya futi 10. Tutaanza na kichanja cha atakayefika wa kwanza, kisha tutahamia kwa anayefuata.

Bibi yenu,
muuza kuni, Kinyanambo