Nusu yangu ya riba nayo imekatwa

Mhariri,

Msimu wa korosho wa mwaka juzi, mimi na mume wangu tuliweka shilingi 4,000,000 kwenye akaunti ya pamoja ya muda maalumu, mwaka mzima, kwa riba ya asilimia 8. Jirani yetu hapa Newala alitukataza. Eti mume na mke wakiandikisha majina mawili, kodi inakatwa mara mbili! Maneno hayo yamezagaa vijijini. Nilipomuuliza karani wa benki, aliguna tu.

Muda ulipoiva nikapewa karatasi: riba 320,000, kodi ya zuio 32,000, baki 288,000. Ni asilimia 10, mara moja. Uwe mseja, uwe mke wa tatu, benki haiulizi cheti cha ndoa. Wanaofukia pesa za korosho kwa hofu hiyo wazifukue. (Wanaoepuka riba kwa sababu ya dini siwaingilii.)

Dukuduku langu liko kwingine. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 60, inachukulia mali yenye majina ya mume na mke kuwa ya nusu kwa nusu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo katika riba ile 160,000 ni yangu. Mume wangu ni mwalimu, mshahara wake unakatwa kodi kila mwezi. Mimi ni kibarua wa kubangua korosho, na kwa mwaka sijawahi kufikisha 3,240,000, kiwango ambacho chini yake mtu hadaiwi kodi ya mapato. Lakini 16,000 yangu imekwenda sawasawa na ya mwalimu, na hairudi, maana kwa mtu binafsi kodi hiyo ya riba ya benki ndiyo ya mwisho.

Mtasema 16,000 ni pesa ndogo. Aliyewahi kubangua anajua vidole vinavyobabuka kwa mafuta ya ganda mpaka vikawa vyeusi, na ni siku ngapi hizo.

Wizara ya Fedha ifikirie kuacha riba ya wenye akiba ndogo bila kukatwa. Na benki yetu nayo: juu ya ile karatasi kuna jina kamili la mume wangu, kisha "na mwingine". Huyo mwingine ana jina, alisaini fomu ileile.

Mbangua korosho,
Newala, Mtwara