Huduma ya mkoba iwafuate wakulima wa mpunga mashambani

Mhariri,

Mvua zikikolea Bonde la Kilombero, kaya nyingi hufunga nyumba kijijini na kuhamia mashambani hadi mavuno. Gari la huduma ya mkoba, yaani huduma ya afya inayowafuata watu vijijini, nalo hufuata tarehe zake: linasimama penye ofisi ya kijiji, linapima watoto waliobaki, linaondoka. Walioko bondeni wanakosa chanjo, wakati huohuo afisa ugani anawatembelea hukohuko siku nyingine.

Tunaziomba halmashauri ziunganishe safari hizo, na ratiba iende na mpunga.

Ziara ya kwanza iwe wakati wa kitalu. Mgani aonyeshe kuchagua mbegu kwa maji ya chumvi: ongeza chumvi kwenye ndoo mpaka yai bichi lielee, mwaga mbegu, opoa zinazoelea. Zilizozama zisuuzwe mara mbili tatu. Wengi huruka hatua hii. Chumvi ikibaki mbegu hazioti vizuri, kisha analaumiwa muuza mbegu. Ziloweke saa 24, halafu zikae kwenye gunia bichi saa 24 hadi 48 zichipue. Kwa kilimo shadidi, yaani kupanda miche michanga kwa nafasi, mche hupandwa ukiwa na siku 8 hadi 12, mmoja kila shimo, sentimita 25 kwa 25. Siku hiyohiyo mhudumu wa afya akague vyandarua kabla watu hawajahama. Kwenye dungu, kibanda cha shambani, mara nyingi hakuna pa kuvifungia, basi fito nne na kamba viandaliwe mapema, na matundu ya cheche za moto yashonwe.

Ziara ya pili ifuate wiki mbili tatu baada ya kupandikiza. Hapo majani ya mpunga hayajafunika maji, jua linapiga maji moja kwa moja, na mbu wa malaria hupenda maji ya namna hiyo. Kutoka yai hadi mbu ni kama wiki moja au mbili. Kwenye skimu za umwagiliaji, maji yakikatwa mpaka tope lianze kupasuka nyufa ndogo, viluwiluwi hufa. Lakini jaruba, kipande cha shamba chenye kingo, lisiposawazishwa, vidimbwi hubaki na viluwiluwi ndani yake, huku kwenye miinuko magugu yakishamiri. Kwa hiyo anayesimamia usawazishaji kabla ya kupanda anapambana pia na malaria, hata kama hajavaa koti jeupe. Kukausha kukome masuke yanapokaribia kutoka. Maji yakikosekana wakati wa maua, utavuna mapepe yasiyo na punje. Wanaotegemea mvua tu hawana nafasi hiyo, kwao chandarua na kipimo ndiyo kinga.

Ya tatu ni msimu wa kuamia ndege wasile mpunga, familia zikilala shambani. Mhudumu aje na kipimo cha haraka cha malaria na dawa mseto (ALu). Mtu mzima humeza vidonge 4 kila dozi, dozi 6 ndani ya siku 3, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, baada ya kula. Homa ikishuka siku ya pili, wengi huacha na kumwekea mgonjwa ajaye vidonge vilivyobaki; ugonjwa unarudi. Mtoto mwenye degedege au asiyeweza kunyonya apelekwe kituoni mara moja.

Gari halipiti kwenye tope hilo. Pikipiki mbili, sanduku la baridi la chanjo, mafuta, na orodha ya mwenyekiti wa kitongoji ya nani kahamia wapi, ndivyo vinavyohitajika kuingizwa kwenye bajeti.

Wagani na wahudumu wa afya ngazi ya jamii,
Bonde la Kilombero, Morogoro