Dar ni Dar, na Bagamoyo si kosa la tahajia

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la juma lililopita msomaji mmoja aliwalaumu waandishi wenu kwa kuandika "Dar" badala ya "Dar es Salaam". Hoja yake ni kwamba kwa Kiarabu dar ni nyumba tu, kwa hiyo anayesema "nakwenda Dar" amesema "nakwenda nyumba", na wanaojua Kiarabu wanatucheka. Akataka jina liandikwe kamili kila mara, na kando yake, ndani ya mabano, iwekwe maana: Bandari ya Salama. Nanyi mkaichapa barua ile bila neno. Mimi nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi hapa Bagamoyo mpaka nikastaafu, na barua hiyo imeninyima usingizi wa mchana, jambo ambalo kwa umri wangu si dogo.

Nianze na hayo mabano. Kama dar ni nyumba, na mwenye barua mwenyewe ndiye aliyesema, bandari imeingilia wapi? Bandari tumeipata kwa Waajemi, nao husema bandar. Wanaoipenda tafsiri hiyo hudai kuwa jina la awali lilikuwa Bandar as-Salaam, likakatwa kichwa. Naelewa linakotoka wazo lenyewe. Ukisimama Kivukoni ukaitazama ile ghuba, maji yana kina na nchi kavu imeyakumbatia pande zote, bandari na salama zinakujia kinywani zenyewe. Lakini kila mtoto aliyekaa mkekani chuoni hapa Dunda ameshalisikia jina hilo bila bandari yoyote: Dar as-Salaam imo ndani ya Kurani, Surat Yunus aya ya 25, na tena Al-An'am aya ya 127. Ni nyumba ya amani, yaani Pepo. Seyyid Majid bin Said, sultani wa Zanzibar aliyeanza kujenga pale miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, hakuhitaji mhandisi wa bandari ili apate jina. Baghdad nayo zamani iliitwa Madinat as-Salaam, mji wa amani. Na wenzetu wa Brunei mpaka leo nchi yao ni Brunei Darussalam, huku mji wao mkuu ukiitwa Bandar Seri Begawan. Dar wanayo na bandar wanayo, na hakuna anayezichanganya.

Ila simwandikii ndugu yule ili nimshinde kwa aya. Hata kama ningekuwa na barua yenye muhuri wa Seyyid Majid mwenyewe, bado kosa lake kubwa lingebaki palepale: anadhani jina la mji ni mali ya lugha lilikotoka.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakusema Dar wala Dar es Salaam. Alisema Darisalama, kwa mkupuo mmoja. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasema dari, maana nyumbani kwetu nazi na majamvi ya zamani vilikaa darini, na darini ndiko nilikokatazwa kupanda. Nikaamini uko mji mahali fulani ambao dari zake hazianguki! Kichekesho, lakini tazameni kilichotendeka: ile dar ya Waarabu Waswahili waliipa irabu mwishoni, maana neno la kwetu halipendi kuishia hewani, na salaam ikakaa kwenye salama tuliyokuwa nayo tayari. Wajerumani nao wakaja, wakaunganisha yote wakaandika Daressalam, neno moja. Waingereza wakalifumua na kulitia vistari katikati. Hiyo "es" tunayoiandika leo nayo si herufi ya mtu yeyote hasa. Ni jinsi masikio ya Ulaya yalivyoipokea al ya Kiarabu, ambayo ikigonga sini, yaani s, hupoteza lamu yake, yaani l. Sasa ndugu yetu anataka turudi kwenye jina sahihi. Lipi kati ya hayo?

Na vijana wetu wamelikata zaidi. Dar. Wengine Bongo, kwa kuwa pale bila ubongo hulali umekula. Ukipanda daladala hapa stendi, konda hata hasumbuki na jina la jiji, anaita "Makumbusho, Makumbusho!" na hakuna abiria aliyewahi kupotea. Huyo Mwarabu anayetucheka angeanza kwanza na Misri. Mji wao mkuu kwenye karatasi ni al-Qahira, yaani mshindi, jina la tangu enzi za Wafatimi walioujenga mwaka 969. Mtu wa mtaani akiwa anakwenda huko anasema anakwenda Masr, jina la nchi nzima. Wazungu ndio waliolichonga hilo al-Qahira likawa Cairo, Kairo, Le Caire, na ushindi wote ukamwagika njiani. Wamisri wanaendelea na foleni zao.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo kidonda kilipo. Bagamoyo nayo imewahi kuwa makao makuu. Kampuni ya Wajerumani ilikaa hapa mwaka 1888, vita vya Abushiri vikapita, na mwaka 1891 utawala wa koloni ukahamia Dar es Salaam. Sababu kubwa ilikuwa maji. Bahari yetu ni ya upole mno. Maji yakikupwa, majahazi hulala ubavu mchangani na watu huingia wakitembea, mizigo vichwani, maji magotini. Meli kubwa ilibidi itie nanga mbali kabisa. Kwa jahazi ni raha, kwa Mjerumani mwenye meli za moshi ni adha.

Basi, kwa sarufi niliyoifundisha miaka yote, jina la mji wangu ni kosa. Kitenzi ni kubwaga. Ilipaswa iwe Bwagamoyo. Ile w ilidondoka mahali fulani kati ya vinywa vya wapagazi na kalamu za wageni, na haikurudi. Tukimfuata ndugu yetu, kesho tubadilishe vibao vyote kuanzia njia panda. Na kwenye mabano tuandike nini?

Hapo nina ugomvi wa siku nyingi na watembeza wageni wa hapa, ambao wengine niliwafundisha kusoma. Wanawapeleka watalii mpaka pwani, wanashusha sauti, wanasema: hapa watumwa walibwaga mioyo yao, wakakata tamaa. Kwamba watumwa walipita hapa ni kweli chungu na hakuna mwenye haki ya kuifuta. Lakini sikilizeni Kiswahili. Mtu aliyekata tamaa amevunjika moyo, amekufa moyo. Anayebwaga ni mwenye mzigo. Wapagazi walioshuka kutoka Unyamwezi na pembe za ndovu mabegani, miezi njiani, walipoziona nazi za hapa walibwaga mizigo, na moyo ukabwagwa pamoja nayo. Ukimwambia mgeni sebuleni "bwaga moyo", humwambii alie, unamwambia atulie, amefika. Mimi nimeegemea huko. Jirani yangu, mtu msomi kuliko mimi, ameegemea kule kwingine, na tumeshaubishania mji huu mara nyingi kuliko tulivyoubishania mpira. Ndiyo maana nasema mabano mawili na maneno matatu ndani yake hayatoshi.

Mji mkuu wa sasa ndio unaonisikitisha zaidi, kwa kuwa haumtii mtu shauku ya kuuliza. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, sheria ya kuitangaza rasmi kuwa makao makuu ya nchi ikaja mwaka 2018, na katika miaka yote hiyo magazeti yetu yanajua hadithi moja tu: tembo alikwenda kunywa maji akazama topeni, Wagogo wakasema idodomya, amezama. Hadithi nzuri. Lakini hapa sokoni yupo mama mmoja wa Kigogo muuza karanga, na nilipomuuliza alicheka mpaka mzani ukatikisika. Kwao, akasema, tembo ni wa kuwasimulia wageni. Yeye aliisikia hivi: watu waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja, wakawala, wakabakiza mikia. Wenye mali walipokuja kuwatafuta, wakaikuta mikia imesimama kwenye tope, na wezi wamesimama kando kwa huzuni: jamani, ng'ombe wenu idodomya! Sijui kama kuna mji mkuu mwingine duniani unaoweza kujivunia jina kama hilo, na sisi tumelificha nyuma ya tembo. Halafu sikio la Mswahili halina haja ya mkalimani pale. Sisi kitu kikizama taratibu tunasema kimedidimia. Idodomya na didimia zimekaa kama binamu waliokutana arusini.

Undugu wa namna hiyo umejaa kwa majirani, ila hatuutazami. Kampala ni kilima cha impala, na impala huyo sisi tunamwita swala pala. Nairobi inatokana na maneno ya Kimaasai, enkare nairobi, maji ya baridi. Vijana wa huko siku hizi wanasema Kanairo na hakuna Mmaasai aliyekwenda mahakamani. Nami nikilisikia jina Mzizima nakumbuka kwamba kuzizima ni kupoa sana. Najua vitabu husema ni mji mzima, mji wenye afya, na siwapingi. Nasema tu sikio langu linasikia ubaridi. Waethiopia wana mfano mzito zaidi. Addis Ababa kwa Kiamhari ni ua jipya, jina alilolitoa Malkia Taytu, lakini Waoromo wanapaita Finfinnee, jina la chemchemi zake za moto, na kwao kulitaja jina moja au lingine ni kusema uko upande gani. Huko mabano yanaweza kuleta matata, si mzaha.

Ng'ambo yetu hapa, siku ya anga safi, iko Unguja. Dunia inaiita Zanzibar, jina lililoundwa na wasafiri wa Kiajemi na Kiarabu kwa kutazama rangi za watu wa pwani hii. Yemen pia wana mji uitwao Zinjibar. Mvuvi wa hapa akivuka hasemi anakwenda Zanzibar, anasema Unguja, na akirudi na karafuu mfukoni atakwambia zimetoka Unguja.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Waandishi wenu waacheni waandike Dar nafasi ikibana na Dar es Salaam nafasi ikitosha. Yale mabano yaondoeni. Na siku mkitaka kweli kuandika juu ya majina ya miji mikuu, tumeni mwandishi Dodoma akaulize Wagogo, wala asiridhike na mzee wa kwanza atakayemkuta. Akipita Bagamoyo nitampeleka kwa mama wa karanga, lakini aje asubuhi, maana mchana nalala.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Dunda, Bagamoyo