Jumamosi: saa zimebadilika

Hamjambo wanakikundi,

Kupanda mikoko hapa Gazi bado ni Jumamosi, ila tukutane saa 3 asubuhi, si saa 1. Ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka kupita kawaida, yatakuwa yametoka kabisa kwenye saa 4 hivi.

1. Mchango ni sh. 200 za chai na mahamri, kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.
2. Njooni na viatu vya kufunga. Ndara zitabaki topeni.
3. Kina mama wataokota mbegu za mkoko, zile ndefu kama rungu zinazochipua zikiwa bado mtini. Chagueni zisizotobolewa na kaa.

Na jamani, kaa msiwaue! Najua wanatutafunia miche, lakini mashimo yao ndiyo yanayopitisha hewa kwenye lile tope jeusi, na majani wanayoburura chini huwa mbolea. Mwaka jana tulipanda mkoko mbele kabisa, upande wa bahari, mawimbi yakaubeba wote. Safari hii mbele ni mlilana tu (aina nyingine ya mikoko), mkoko nyuma yake.

Anayekuja aandike "NIPO" hapa kufikia kesho usiku, tujue idadi ya vikombe.