Mdogo wangu, kabla hujalipia ile saa

Mdogo wangu,

Umeniambia umedunduliza miaka yote hii, sasa unataka saa moja ya Uswisi, ya maana, ya kuvaa mpaka uzee. Na umeniambia roho yako imetua kwa Rolex Daytona, kwa kuwa hiyo kila mtu anaijua. Sikukatazi. Hela ni zako na jasho ni lako. Ila naomba unisikilize kuhusu jina jingine, Zenith, kampuni nyingine ya saa ya Uswisi, kwa sababu naona unataka kununua sifa wakati unaweza kununua kitu chenyewe.

Tuanze na hiyo hiyo Daytona. Kuanzia 1988 hadi 2000, mashine iliyokuwa ndani yake asili yake ni Zenith. Rolex waliifanyia mabadiliko mengi na kuipunguza kasi, lakini walipohitaji mashine ya kronografu, yaani saa yenye vitufe vya kupimia muda, inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, walikwenda kubisha hodi Le Locle.

Le Locle ni mji mdogo kwenye milima ya Jura, karibu na mpaka wa Ufaransa. Pamoja na jirani yake La Chaux-de-Fonds, umeingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2009, kwa jinsi miji hiyo miwili ilivyojengwa kwa ajili ya kazi ya saa. Hapo ndipo Georges Favre-Jacot alipoanzisha karakana yake, ndiyo Zenith ya leo, mwaka 1865, akiwa kijana wa miaka 22. Wakati huo kazi ya saa ilitawanyika majumbani, huyu anachonga magurudumu, yule anatengeneza mishale. Yeye akawakusanya mafundi chini ya paa moja.

Tarehe 10 Januari 1969 kampuni hiyo ikaitangaza El Primero, mashine ya kronografu inayojijaza yenyewe, ile ile iliyokuja kuwa asili ya mashine ya Daytona. Saa nyingi za mkono za enzi zile zilipiga mapigo 18,000 au 21,600 kwa saa moja. Hii ilipiga 36,000, yaani mapigo kumi kila sekunde, ndiyo maana inaweza kupima hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Kasi hiyo ina gharama yake, kwani vyuma vinasuguana zaidi na mafuta hayatulii mahali pake, na mafundi walilazimika kulitafutia dawa. Itafute picha ya moja ya saa za mwanzo zenye mashine hiyo, iitwayo A386, uikuze. Utaona viduara vitatu vinavyopandana kidogo, kimoja kijivu cha kuiva, kimoja kijivu chepesi, kimoja buluu. Mimi sijaona uso wa saa uliopangwa vizuri kuliko ule.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni habari ya Charles Vermot.

Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1969, Seiko wa Japani walitoa saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, inayotumia betri. Katika miaka iliyofuata viwanda vya Uswisi vikaanza kuanguka, na maelfu ya mafundi wakapoteza kazi. Zenith wakati huo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya redio ya Chicago, nayo ikiitwa Zenith. Mwaka 1975 amri ikaja kutoka Marekani: saa za springi basi, vifaa vyake viondolewe, viuzwe kama chuma chakavu. Vermot alikuwa msimamizi wa karakana. Aliwaandikia wakubwa kuwasihi, hawakumsikiliza. Basi akaanza kuvipandisha vifaa darini kwa siri, kimoja kimoja: vyombo vya kukatia, vya kuchapia vyuma, michoro. Kila kimoja akakipa alama, na kwenye daftari akaandika hatua zote za kuitengeneza mashine ile, ili atakayekuja baadaye asianze na kubahatisha.

Mwaka 1984 utengenezaji uliporejea, hawakuwa na haja ya kuviunda vifaa vile upya kwa gharama kubwa. Vilikuwa juu, vinangoja. Bila mfanyakazi yule aliyekiuka amri, Daytona ya miaka ile isingekuwa na mashine iliyokuwa nayo. Ndiyo maana nasema, ukiwa na hela ya saa ya namna hii, mpe heshima yake aliyeiokoa.

Sasa ya dukani. Ukikuta saa ya Zenith iitwayo Chronomaster Sport, bonyeza kitufe cha juu utazame mshale wa kati: unauzunguka uso mzima kwa sekunde 10 tu. Ubonyeze tena usimame, kisha kitufe cha chini, urudi juu kabisa bila kupinda hata nukta moja. Geuza mgongo, kuna kioo, uione mashine ikipumua. Ukiangukia ya zamani, usihadaike na mng'ao. Saa iliyosuguliwa mno hupoteza kingo zake, na uso uliopakwa rangi upya hushusha bei kwa kiasi kikubwa. Weka akiba ya fundi pia, maana kila baada ya miaka kadhaa itafunguliwa, isafishwe na kutiwa mafuta, na si fundi yeyote wa barabarani anayeweza kuigusa mashine hii.

Ukiipata, nitumie picha ya uso, ya mgongo na ya namba kabla hujalipa. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Dada yako.